Kitabu cha Watoto Mikononi mwa Mtu Mzima

Katika mji wetu wa Lubumbashi si ajabu kumkuta mtu mzima, mwenye mke na watoto, ameketi chini ya mwembe akisoma hadithi za picha za Tintin. Asoma na kucheka peke yake. Wapita njia humtazama, na kila mmoja humhukumu kwa namna yake. Jirani husema: "Huyu bado mtoto." Mgeni atokaye Ulaya, akiona kwamba kitabu chenyewe ni kile cha safari ya Tintin nchini Kongo, hushangaa zaidi na kuuliza: "Mkongomani awezaje kukipenda kitabu kilichomdhihaki?" Leo twataka kuyapima maneno haya mawili, maana yote mawili humhukumu msomaji pasipo kumwuliza neno.

Tintin ni nani?

Yafaa kwanza tumweleze kwa wale wasiomjua. Tintin ni kijana mwandishi wa habari, mwenye kishungi cha nywele juu ya paji la uso, azungukaye dunia pamoja na mbwa wake mweupe, Milou, akipambana na wahalifu. Aliyemchora ni Mbelgiji, Georges Remi, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1983. Ulimwengu wamjua kwa jina la Hergé. Tintin alitokea mara ya kwanza mwezi wa Januari 1929 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto iliyotolewa kila juma pamoja na gazeti la Kikatoliki la Brussels, Le Vingtième Siècle. Mkurugenzi wa gazeti hilo alikuwa padre, Norbert Wallez. Ndiye aliyetaka kijana huyo apelekwe Kongo, ili watoto wa Ubelgiji wajifunze kuipenda koloni.

Hadithi hiyo ilitolewa kidogo kidogo tangu mwaka 1930 hata 1931, kisha ikawa kitabu. Hergé alikuwa hajakanyaga nchi yetu. Aliyoyachora aliyapata katika makumbusho ya Tervuren na katika masimulizi ya watu. Basi Waafrika wa kitabu hicho ni watu wenye midomo minene kupita kiasi, wasemao Kifaransa kilichovunjika. Gari dogo la Tintin lagongana na treni, nayo treni ndiyo iangukayo. Mchawi wa kijiji aitwa Muganga, jina ambalo kila asemaye Kiswahili alitambua mara moja. Katika picha ya mwisho, wanakijiji wainama mbele ya sanamu za Tintin na Milou kama mbele ya miungu. Katika toleo la kwanza Tintin alisimama darasani akiwafundisha watoto wetu kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Hergé alipokichora kitabu upya kwa rangi, mwaka 1946, somo hilo liliondolewa, na mahali pake pakawekwa hesabu.

Hergé mwenyewe, katika mazungumzo yake na mwandishi Numa Sadoul yaliyochapwa katika miaka ya 1970, alieleza kwamba wakati ule hakujua habari za Kongo ila zile zilizosimuliwa na watu wa mazingira yake. Hicho ndicho kitabu tunachokizungumzia. Si kitabu kisicho na doa, wala hatutaki kukisafisha.

Tangu miaka 7 hata 77

Tarehe 26 Septemba 1946 lilianzishwa mjini Brussels gazeti lililochukua jina la Tintin. Gazeti hilo likajulikana kwa tangazo lake, kwamba ni gazeti la vijana wa miaka 7 hata 77. Maneno hayo yalikuwa ya biashara, tena ya mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na ruhusa. Mzee wa Kibelgiji aliruhusiwa kulisoma gazeti la mjukuu wake pasipo kuona haya.

Nao waliitumia ruhusa hiyo sana. André Malraux, aliyekuwa waziri wa Ufaransa, aliandika kwamba Jenerali de Gaulle alimtaja Tintin, kwa utani, kuwa mshindani wake wa pekee duniani. Tarehe 3 Februari 1999, wabunge wa Ufaransa walikusanyika mjini Paris kujadiliana kama Tintin ni mtu wa siasa za kulia ama za kushoto. Mwaka 2009 makumbusho ya Hergé yalifunguliwa katika mji wa Louvain-la-Neuve. Mwezi wa Januari 2021, mchoro mmoja uliotengenezwa kwa ajili ya jalada la kitabu Le Lotus bleu uliuzwa mjini Paris kwa zaidi ya euro milioni 3. Wataalamu wameandika vitabu vinene juu ya maisha ya mchoraji na juu ya kila ukurasa wa kazi yake. Mbunge, jenerali, profesa na tajiri, wote hao ni watu wazima, na wote wamekipenda kitu kilichotengenezwa kwa watoto. Labda wake zao waliwacheka, lakini hakuna aliyewanyang'anya cheo chao cha utu uzima.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Nchini Marekani, mwaka 2010, televisheni ilianza kuonyesha hadithi ya michoro kuhusu farasi wadogo wa rangi mbalimbali, iitwayo My Little Pony: Friendship Is Magic. Ilitengenezwa kwa ajili ya wasichana wadogo. Lo! Wakatokea wanaume vijana na hata watu wa makamo walioipenda sana. Wakajiita Bronies, wakafanya mkutano wao mkuu, BronyCon, tangu mwaka 2011 hata 2019. Walio nje ya kundi lao waliwacheka. Wengine waliwashuku kwamba wana nia mbaya, au kwamba wameshindwa na maisha. Wenyewe wakajibu kwamba hadithi ile yafundisha urafiki na wema, na ya kwamba mafundisho hayo hayana umri.

Hatutoi hukumu juu ya farasi hao. Twataka tu msomaji aone jambo moja. Mtu akipenda kitu cha watoto, watu hawakitazami kitu chenyewe. Humtazama mtu. Wakiwa wamekwisha kumheshimu, humwita mpenzi wa sanaa. Wakiwa wamekwisha kumdharau, humwita mtoto.

Kipimo kilichotumika huku kwetu

Jambo hili kwa Wamarekani ni la kuchekesha. Kwa wazee wetu wa Elisabethville halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Katika miaka ile ile ambayo Mbelgiji wa miaka 77 aliambiwa kuwa aweza kusoma gazeti la watoto, Mkongomani wa miaka 40 aliambiwa kuwa yeye hana budi kupewa vitu vya watoto. Sheria ya koloni iliwakataza Waafrika kutazama filamu zisizopitishwa kwa ajili yao na wakaguzi. Mapema katika miaka ya 1950, afisa wa serikali aliyesimamia kazi ya filamu, L. Van Bever, alitunga kitabu kizima, Le Cinéma pour Africains, juu ya filamu zifaazo kwa Waafrika. Msingi wake ulikuwa ule ule, kwamba wengi wao hawajakomaa vya kutosha kuielewa filamu ya kawaida. Mchimba shaba wa Union Minière, aliyeweza kuongoza mashine kubwa na kulisha jamaa ya watu saba, alionyeshwa jioni, uwanjani mwa kambi, filamu zilizochaguliwa na wengine kama vile mama amchaguliavyo mtoto chakula.

Hata hadithi za picha zilitumika hivyo. Gazeti la serikali liitwalo Nos Images, lililotolewa kwa Kifaransa na kwa lugha zetu, Kiswahili kikiwamo, lilikuwa na hadithi ya jamaa moja, jamaa ya Mbumbulu. Mbumbulu ni baba mwenye kazi, mke na watoto. Kila sehemu ya hadithi ilikuwa na funzo la mwenendo wa mtu aliyestaarabika. Mwaka 1956 visa mia vya jamaa hiyo vilikusanywa kuwa kitabu kimoja. Tafadhali msomaji aone tofauti. Tintin alichorwa kwa watoto, watu wazima wakamchukua kwa hiari yao. Mbumbulu alichorwa kwa watu wazima, nao wakafundishwa naye kama watoto.

Wamisionari nao walitengeneza filamu. Mjini Léopoldville, katika miaka hiyo ya 1950, padre Alexandre Van den Heuvel alitoa filamu ya michoro, Les Palabres de Mboloko. Mboloko ni yule paa mdogo wa hadithi za Kongo, ambaye huku upande wetu Waluba humwita Kabuluku, na ambaye ndugu zetu wa pwani wamempa kazi yake Sungura. Labda wapo waliodhani kwamba picha za wanyama zilifaa kwa kuwa watazamaji walikuwa na akili za kitoto. Lakini ni nani kati ya wazee wetu aliyemhesabu Kabuluku kuwa wa watoto peke yao? Hadithi zake zilisimuliwa usiku penye moto, wazee wakiwapo, na mara nyingi wazee ndio waliocheka kwanza, kwa kuwa walimjua chui ni nani kijijini mwao. Mdogo kumshinda mkubwa kwa akili, hilo si somo la watoto tu. Mtu aliyetawaliwa alilielewa upesi.

Basi yule mgeni aliyemwona Mwafrika akicheka mbele ya picha za wanyama alidhani anatazama mtoto. Kumbe huenda alikuwa akitazama mtu mzima mwenye kucheka habari za bwana wake.

Jibu la mwaka 1969

Baada ya uhuru, kitabu cha Tintin nchini Kongo kilikuwa kimeadimika madukani huko Ulaya. Wachapaji waliona haya, au walihofu kuwaudhi watu. Mwishoni mwa mwaka 1969, gazeti Zaïre la Kinshasa lilisema wazi kwamba Wakongomani hawakichukii. Likaongeza sababu yake: michoro ile yawachekesha Wakongomani kwa kuwa inawaonyesha jinsi Mzungu alivyowadhania. Baada ya hapo, mwaka 1970, kitabu kilichapwa tena.

Jibu hili lina uzito. Mchoraji alidhani amewachora Wakongomani. Wakongomani wakasoma, wakaona kwamba amechora mawazo ya Wabelgiji. Kusoma hivyo si kazi ya mtoto.

Mafundi wa Kinshasa walikwenda mbali zaidi. Kwa miaka mingi wamechonga sanamu za Tintin kwa mti, wakazipaka rangi na kuwauzia wageni. Msomaji akumbuke picha ile ya mwisho ya kitabu, watu wakiinama mbele ya sanamu. Katika Kongo ya kweli sanamu imechongwa, ndiyo, lakini haikuinamiwa. Imewekwa sokoni, ikapewa bei, na mgeni ndiye atoaye fedha.

Hata hivyo, tusidhani kwamba Wakongomani wote hucheka. Mwaka 2007, Mkongomani aliyeishi Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu hicho kwa sababu ya ubaguzi. Alitaka kizuiwe, ama angalau kiwekewe onyo. Mahakama ya Brussels ilimkatalia mwezi wa Februari 2012. Mwaka huo huo wa 2007, tume ya Uingereza iliyoshughulikia usawa wa mataifa ilisema kitabu kisiuzwe madukani, na duka moja kubwa likakiondoa katika rafu za watoto na kukipeleka katika rafu za watu wazima. Msomaji na aone mzunguko huu! Kitabu kilichochorwa kwa watoto wa Ubelgiji, leo kimehukumiwa kuwa ni watu wazima tu wawezao kukisoma bila kudhurika.

Nasi twasema, aliyekwenda mahakamani na aliyecheka sokoni wote wawili ni watu wazima. Mmoja aliona jeraha, mwingine akaona ujinga wa aliyejeruhi. Asiye mtu mzima ni yule asiyeona chochote.

Neno la mzee wa Katuba

Katika mtaa wa Katuba yuko mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli hata akastaafu. Anavyo vitabu saba vya Tintin, ambavyo amevishona kwa uzi mahali kurasa zilipochomoka. Kijana jirani yake alimwambia mbele yetu:

"Baba, mtu wa heshima kama wewe na vitabu vya watoto! Wajukuu wako watasoma nini?"

Mzee hakukasirika. "Mwanangu," akasema, "wajukuu wangu husoma hivi hivi, nami husoma pamoja nao. Nilipokuwa mdogo nilicheka treni ilipoanguka. Nilipokuwa kijana nikaona haya, nikakificha kitabu hiki chini ya kitanda. Sasa nimekitoa, nacheka tena. Ila sicheki tena niliyemcheka zamani."

"Wamcheka nani sasa, Baba?"

"Yeye aliyechora. Mimi nimefanya kazi na injini miaka thelathini, uzito wake naujua. Kigari bovu kinaangusha treni nzima, na mwenye kigari ndiye anayesimama kutupa amri tuiinue! Huyu bwana hakuwahi kuisukuma hata toroli."

Kisha akatueleza desturi yake. Kila jioni wajukuu wakisoma ukurasa mmoja, hana budi kila mmoja wao kumwonyesha jambo moja lililochorwa vizuri na jambo moja la uongo. Asiyeona la uongo husoma tena. Mjukuu wake wa darasa la nne, akasema, alimshinda siku moja kwa kuona kosa ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameliona miaka hamsini.

Kijana yule alisimama kimya kidogo. Baadaye akaomba kuazima kimoja.

Mikono yetu wenyewe

Haifai tumwache Tintin bila kutaja kwamba Wakongomani hawakubaki wasomaji tu. Mwaka 1968 vijana wa Kinshasa walianzisha gazeti la hadithi za picha, Jeunes pour Jeunes, lenye polisi wake Apolosa na lugha ya mitaani. Jina lake lilisema ni la vijana, lakini baba nao walilichungulia. Tangu mwaka 1990 Papa Mfumu'Eto alichapa vijitabu vyake vya Kilingala, ambavyo watu wazima wa Kinshasa walivisoma na kubishania habari zake kana kwamba zimetokea jirani. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alishirikiana na Christophe Cassiau-Haurie kutoa Madame Livingstone mwaka 2014, hadithi ya vita vya kwanza vya dunia katika Ziwa Tanganyika, huko mashariki ya Katanga yetu ya zamani. Humo Mwafrika si mtu wa kuchekwa. Ndiye ajuaye njia, na Mzungu ndiye ajifunzaye. Kitabu hicho hakikufichwa kwa kisingizio cha watoto: kimechorwa kwa watu wazima waziwazi.

Labda msomaji atatukumbusha Mtume Paulo, aliyewaandikia Wakorinto kwamba alipokuwa mtu mzima aliyaacha mambo ya kitoto. Ni kweli. Lakini katika barua hiyo hiyo, mbele kidogo, awaonya wasiwe watoto katika akili, bali katika uovu wawe kama watoto wachanga. Basi utoto alioukataza ni ule wa akili isiyopima mambo. Mtu aweza kuwa nao akisoma kitabu kinene cha sheria, na mwingine akaukosa akisoma habari za mbwa mweupe.

Kwenu wanafunzi twasema: msimcheke baba au mjomba akikiazima kitabu chenu. Mwulizeni amecheka nini, na kwa nini. Huenda mkapata somo ambalo halimo darasani. Kwenu wazazi twasema: msiwape watoto kitabu cha Tintin nchini Kongo na kuwaacha peke yao, wala msikichome moto. Ketini nao. Waelezeni ni nani aliyekichora, mwaka gani, na alikuwa ameona nini. Waonyesheni kwamba mkono ulikuwa na ufundi na macho hayakuwa yamefika. Na kwenu nyote mpitao njiani mkamwona mtu mzima akicheka juu ya picha za watoto, yafaa mwulize kwanza kabla ya kumpa umri. Wazee wetu walipewa umri wasiokuwa nao na watu ambao hawakuwauliza neno, na iliwachukua miaka mingi kuudai ule wa kweli.